Risasi ya kuwindia

Risasi ya kuwindia huchaguliwa kwa kuangalia mnyama, hasa pale mwindaji anapokuwa na bunduki moja tu. Vijijini Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, waharibifu wa mashamba ni tumbili, nyani na nguruwe pori. Kitoweo ni swala na pongo. Duniani, risasi inayosifiwa kwa kazi zote mbili ni .243 Winchester, iliyotoka Marekani mwaka 1955 kwa kubana shingo ya ganda la .308. Kichwa chake kina kipenyo cha milimita 6.2. Kile chepesi, cha gramu 3.6, hupasuka upesi: chamfaa tumbili, lakini pongo huweza kukimbia na jeraha, jambo la aibu kwa mwindaji. Cha gramu 6.5 hupenya hadi moyoni. Kwa nguruwe dume, .308 ina uhakika zaidi. Nyati na kiboko wana risasi zao, kama .375 ya mwaka 1912. Nchini Tanzania, uwindaji huhitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kisiwani Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ni marufuku kabisa.