Streptomaisini na Ribosomu ya Bakteria

Wagonjwa wa kifua kikuu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia iliyo jirani yetu sisi wa Katanga, waliotibiwa katika yale majaribio mashuhuri ya tiba ya miezi 6 ambayo habari zake zilichapishwa mwaka 1972, walidungwa streptomaisini, dawa iliyokwisha kujulikana kuwa huivuruga ribosomu ya bakteria, yaani kile kitengenezo kinachounda protini. Ila mahali inapokaa hasa humo ndani palikuwa hapajaonekana na mtu.

Dawa hiyo aliigundua Albert Schatz mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, na Nobel ya mwaka 1952 akapewa Waksman peke yake, jambo ambalo kwa rai yangu halikuwa la insafu.

Njia ya kupatafuta mahali hapo ilianzia mwaka 1968, huko Wisconsin, ambako Masayasu Nomura na Peter Traub waliitengua sehemu ndogo ya ribosomu ya bakteria, RNA upande mmoja na protini zake 21 upande wa pili, kisha wakavichanganya tena. Penye baridi kazi ilikwama, lakini joto lilipofika nyuzi 40 hivi vipande vilijipanga vyenyewe, ikapatikana tena sehemu hiyo ikitenda kazi. Wala havikujipanga ovyo, maana kama fundi wa jahazi alazavyo mkuku kabla ya mbao, zipo protini zinazoishika RNA kwanza na kuikunja, ndipo nyingine zipate pa kushika.

Mwaka uliofuata wenzake Nomura waliunda ribosomu kwa protini za bakteria dhaifu kwa dawa, wakibadili moja moja kwa zile za bakteria sugu, na usugu ukahama na protini S12 tu. Hukumu ikaiangukia S12, nayo ilikuwa hukumu pungufu, kwani picha za fuwele zilizotolewa na kundi la Venki Ramakrishnan, Cambridge, mwaka 2000, zilionyesha kuwa dawa imebanwa na RNA pande kadhaa, na S12 inaigusa ubavuni. Ndiyo sababu vijidudu vya kifua kikuu huwa sugu mara nyingi ama kwa kubadilika jeni ya S12, ama ile ya RNA.

Usugu huo matabibu waliuona mapema, katika majaribio ya Uingereza ya mwaka 1948, dawa ilipotolewa peke yake. Kwa hiyo wale wa Afrika Mashariki waliifuatanisha na isoniazidi na rifampisini, ambazo haziigusi ribosomu, na katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa hivyo, ni 3 hivi tu waliorudiwa na maradhi.