Limetembea: maneno ya kununua gari kuukuu katika nchi ya milima

Mkazi wa Kiwira, wilayani Rungwe, aliyedunduliza milioni tano au sita kwa ndizi, viazi, parachichi au mshahara wa ualimu anajua sifa za gari atakalopata hata kabla hajaliona. Litakuwa Toyota dogo, Vitz au IST kwa kawaida. Litakuwa otomatiki. Litakuwa limetengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000, na dashibodi itasoma kilometa laki moja na themanini, laki mbili, au zaidi. Mtu huyu hana fedha za kukosea. Giaboksi ikifa mwezi wa pili, gari litapanda juu ya mawe uani na akiba ya miaka itakaa pale pale ikipigwa mvua.

Kinga yake ya kwanza ni maneno. Soko la magari yaliyotumika limejitengenezea msamiati mpana, wenye nguvu na uzuri wake, na anayeuelewa ananunua vizuri zaidi kuliko anayehesabu noti tu. Naupenda msamiati huu, na kwa kuupenda nataka tuupime kwa kipimo kimoja: neno linalosifu gari lina thamani pale tu linapoweza kukaguliwa. Lisilokaguliwa, hata liwe tamu namna gani, mnunuzi asililipie.

Tuanze na asili ya gari lenyewe. Mtumba lilikuwa robota, mzigo uliofungwa. Baadaye likawa jina la nguo zilizovaliwa ng’ambo zikaja ndani ya robota hilo, na leo ni jina la karibu kila kitu kilichotumika nje kabla ya kufika kwetu. Gari la mtumba limetumika Japani. Gari la mkononi limetumika hapa, na unalinunua kwa mtu aliyekuwa akiliendesha. Japani ina ukaguzi wa lazima wa magari, wa kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo gharama ya kulivusha inavyomchosha mwenyewe mpaka akaliuza. Kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto, magari yao yanatufaa bila kubadilishwa usukani. Kenya imeyafungia mlango magari yaliyopita miaka 8. Tanzania inayaruhusu, lakini gari dogo lililovuka umri huo hutozwa ushuru wa ziada ambao watu wameupa jina zuri na la kweli: uchakavu. “Umeweka na uchakavu?” huuliza anayepiga hesabu ya kuagiza. Mwenye milioni sita akishaujumlisha uchakavu anaachana na habari za bandarini, anarudi kwenye la mkononi.

La mkononi hutangazwa kwa herufi. “Namba C.” “Namba D.” Siku hizi, kwa wenye nazo, “namba E.” Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao imekuwa kipimo cha ujana wa gari na cha bei yake. Neno hili linakaguliwa kwa macho tu, ila linajibu swali lingine. Namba inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Vitz iliyotengenezwa 2003 inaweza kubeba namba D kwa sababu ilikaa Japani miaka kumi na zaidi kabla ya kupakiwa melini. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na wa kusoma ni huo.

Sasa tufike kwenye kitenzi ninachokipenda kuliko vyote katika biashara hii: kutembea. Kiswahili hakisemi gari limeendeshwa kilometa laki mbili. Kinasema limetembea, kama kiumbe mwenye miguu na kumbukumbu. “Limetembea kidogo,” anasema muuzaji. “Limetembea sana,” anasema fundi akiwa bado amelala chini ya gari. Mashahidi ni wawili na kitenzi ni kimoja, na kati yao ipo namba ya dashibodi, ambayo inaweza kuwa imerudishwa. Kurudisha kilometa ni istilahi ya kweli na ni tendo la kweli. Kifaa huchomekwa, namba hushushwa, na gari lililotembea laki mbili na nusu linaamka na laki moja.

Lakini gari huacha maandishi mahali pengine. Fungua mlango wa dereva uangalie fremu yake, kisha inua boneti. Magari mengi kutoka Japani bado yana stika za gereji za huko, zinazoonyesha oili au mkanda wa injini ulibadilishwa lini na gari likiwa na kilometa ngapi. Maandishi ni ya Kijapani ila tarakimu ni zetu sote. Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa hesabu ya enzi ya Heisei, iliyoanza 1989, kwa hiyo ukiona 20 ongeza 1988 upate 2008. Stika ikisema mwaka 2008 gari lilikuwa na kilometa 96,000, na dashibodi leo inasoma 88,000, mazungumzo ya bei yameisha. Unarudisha ufunguo, unaaga, unaondoka.

Hata kilometa za kweli hazisemi kila kitu kwa mtu wa Rungwe. Kilometa ni urefu tu. Barabara ya Uyole hadi Kasumulu, inayopita Isyonje, Kiwira na Tukuyu kabla ya kushuka Kyela, inapanda na kuteremka kwa namna ambayo odometa haijui. Kutoka Tukuyu hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa unashuka zaidi ya mita elfu moja, na anayekwenda sharti arudi. Gari lililotembea laki mbili kwenye tambarare za Shinyanga na lililotembea laki mbili likipandisha mikungu ya ndizi na magunia ya viazi kwenda Mbeya yana namba moja na maisha tofauti. Madereva wanalijua hili. Utawasikia wakisema “gari la milimani” kwa sauti ya tahadhari. Ningependa neno hilo liwe swali la kawaida la mnunuzi: kilometa hizi ni za wapi?

Swali hilo linauma zaidi kwa sababu gari ni otomatiki. Wapo waliopendekeza tuseme gari linalojibadilisha gia, na ni maelezo sahihi, lakini watu wameshachagua otomatiki, au oto kwa mkato, na wamechagua vyema. Neno halina hatia. Tatizo lipo kwenye maana iliyojishikiza juu yake, kwamba gari la oto halihitaji dereva afikirie gia. Pale kwenye mkono wa gia, chini ya D, kuna herufi na tarakimu ambazo wengi hawajawahi kuzigusa: 3, 2, L, au kitufe cha O/D pembeni, kulingana na gari. Hizo ndizo gia za milima. Kwenye mteremko mrefu, kuzitumia ni kuiachia injini izuie mwendo ili breki zisiungue. Kwenye mpando, ni kuzuia giaboksi isibadilishe gia kwenda juu na kurudi chini bila kukoma, ikijichemsha. Dereva aliyeteremka miaka kumi akiwa frii, yaani mkono wa gia kwenye N ili kuokoa mafuta, amezitesa breki na kujiondolea msaada wa injini, na huo ndio urithi atakaomwachia mnunuzi.

Mafundi wana istilahi tatu za ugonjwa wa giaboksi ya otomatiki, na zote zinakaguliwa. Ya kwanza: inachelewa kuchukua. Kanyaga breki, toa mkono N uweke D, kisha R. Gari likishika ndani ya sekunde moja hivi, vema. Ukisubiri zaidi, imechelewa. Ya pili: inagonga. Hapo gia inaingia kwa kishindo unachokisikia mgongoni. Ya tatu, iliyo mbaya zaidi: inateleza. Unakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, sauti inapanda, gari halipandi. Kwenye tambarare kuteleza huweza kujificha. Ukitoka Kiwira kuelekea Isyonje hakujifichi, ndiyo maana mnunuzi wa Rungwe ana uwanja wa majaribio ambao mtu wa Dar es Salaam angeutamani. Panda mlima na gari hilo, ndani mkiwa watu wanne, kabla ya kutaja bei.

Kwenye magari yenye kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, ukaguzi ni wa dakika chache. Injini iwe imepata moto na inaunguruma, gari lisimame mahali tambarare, mkono wa gia uwe P. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena, kisha pangusa ncha yake kwa karatasi nyeupe. Oili nzima ni nyekundu na haina harufu kali. Ya kahawia iliyokolea, yenye harufu ya kuungua, inaeleza joto la milima kuliko dalali yeyote. Uliza pia aina ya oili iliyowekwa. IST ya kizazi cha kwanza, iliyotoka 2002, ina giaboksi ya gia nne, wakati baadhi ya Vitz za kizazi cha pili, zilizoanza 2005, zina giaboksi ya CVT inayotumia mkanda wa chuma na inataka oili yake maalumu. “Nimeweka oili ya giaboksi” bado si jibu. “Nimeweka oili fulani, mwezi fulani” ni jibu.

Hapa tunagusa sarufi, na sarufi ina faida kwa mwenye kununua. Sifa za kuuzia gari kwa Kiswahili huja zaidi katika kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda: limetunzwa, limefanyiwa sevisi, injini haijafunguliwa, giaboksi haijashushwa. Lawama nazo huja katika kauli zinazofanya uharibifu uonekane umejitokea wenyewe: limechoka, limechakaa, limeharibika. Kote kuwili mtu ametoweka. Mnunuzi makini hurudisha mtu ndani ya sentensi. Limetunzwa na nani? Limefanyiwa sevisi wapi? Giaboksi ilishushwa na fundi yupi, na iliyofungwa badala yake ilitoka wapi? Hata “haijafunguliwa”, sifa inayotajwa kwa fahari kubwa, huenda ina maana kwamba ilistahili kufunguliwa na hakuna aliyejali. Upande wa pili, neno mkweche halilitendei haki kila gari la zamani. Mkweche ni gari lililoachwa lizeeke ovyo. Lipo gari kuukuu lililo zima, na zima ni neno lenye uzito: lisilo na upungufu, kila kitu mahali pake na kinafanya kazi.

Mazungumzo ya mnunuzi anayerudisha mtu ndani ya sentensi huwa hivi:

“Dada, hii gari haina shida. Ilikuwa ya mwalimu, imetunzwa.”

“Asante kaka. Huyo mwalimu naweza kuongea naye?”

“Amehamia mbali. Ila mimi ndiye niliyepewa kazi.”

“Sawa. Naomba kesho asubuhi usiiwashe mpaka nifike.”

Ombi hilo la mwisho ni la kiufundi. Asubuhi za Kiwira ni za baridi, na injini iliyolala usiku kucha husema ukweli inapowashwa: moshi wa buluu wa oili inayoungua, mlio wa chuma, kusitasita. Dalali aliyeipasha moto saa nzima kabla hujafika ameufuta ushahidi huo. Simlaumu dalali kwa kuwapo. Anaishi kwa cha juu, ile nyongeza anayoiweka juu ya bei ya mwenye gari, na kazi ya kuwakutanisha watu ni kazi. Ila cha juu kinamlipa kwa gari kuuzwa, na mnunuzi anahitaji neno la mtu anayelipwa kwa kukagua. Elfu kadhaa utakazompa fundi wa kwako, hata kama gari hulinunui, ni fedha zilizotumika vizuri kuliko zote.

Sifa moja ya dalali inapita kipimo chetu bila shida: halidaiwi. Zamani ilihusu zaidi ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyolimbikizwa hata na magari yaliyokaa juu ya mawe. Ada hiyo iliondolewa Julai 2017, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, na sasa deni linaloogopwa ni la faini za trafiki. Namba ya gari ikiingizwa kwenye mfumo wa polisi, deni linaonekana au halionekani. Dakika moja, neno limethibitika. Fanya vivyo hivyo kwa jina: lililo kwenye kadi na la anayepokea fedha yalingane, mkataba uandikwe, na umiliki ubadilishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) bila kuachwa ubaki kwa jina la mtu wa tatu.

Baada ya kuyapima maneno haya nimeona pengo moja. Hatuna neno la kila siku la kumbukumbu ya matengenezo ya gari, na hatuna kwa sababu kitu chenyewe ni adimu. Mtoto wa Tanzania ana kadi ya kliniki: uzito, chanjo, tarehe, kila ziara imeandikwa, na mama hahitaji kuapa kwamba mwanawe amechanjwa. Gari lililogharimu akiba ya miaka halina hata ukurasa mmoja. Napendekeza tuliite daftari la gari, tulianzishe siku lile la mkononi linapofika nyumbani, hata kwa daftari la shule la kurasa arobaini. Kila mstari uwe na tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, aina ya oili, jina la fundi, na risiti ibanwe hapo hapo.

Atakayekuja kuliuza gari hilo, liwe limetembea laki tatu, ana haki ya kutaja bei ya juu kuliko jirani yake mwenye namba ndogo kwenye dashibodi na mikono mitupu. Na mnunuzi ailipe bei hiyo, kwa kuwa hapo atakuwa amenunua gari ambalo kila neno lililosemwa juu yake lina ukurasa wake.