Vita vya siku sita Kisangani: wafu ambao hawakufanyiwa matanga

Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 mwezi wa sita mwaka wa 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Maelfu ya mabomu yalianguka juu ya nyumba za watu, na mamia ya raia walikufa. Wengi walizikwa mbio mbio, wengine ndani ya parsele, juu barabara ya kwenda makaburini ilikuwa na risasi.

Kwa kawaida, mtu akikufa hapa Kisangani, viti vinapangwa ndani ya parsele, majirani wanakesha pamoja na wafiwa, wamama wanapika, nyimbo zinaimbwa usiku kucha, kila mmoja anatoa mchango wake. Kisha mazishi familia inakaa: watoto watabaki na nani, marehemu aliacha deni gani, kifo kilitoka wapi. Maneno makali yanasemwa mbele ya wazee na yanaishia pale. Kwa wafu wa ile juma hakuna aliyekaa. Watu walikuwa chini ya vitanda, ao njiani wakikimbia.

Basi umbali uliingia nyumbani pole pole, bila ugomvi. Mama mjane anaendelea na soko lake, mtoto mkubwa anaenda machimboni na harudi sana, mdogo anaambiwa baba alisafiri. Jina linaacha kutajwa. Na bado watu wa Boyoma wanazungumza sana juu ya vita vile: walijificha wapi, nyumba gani ilipasuka. Wanaeleza mabomu, juu ya marehemu wanasema kidogo tu.

Fidia ndiyo ilifungua vinywa. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, ndani yake milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, si wa Kisangani peke yao. (Rwanda haikuhukumiwa: mwaka wa 2006 mahakama ile ilisema haina uwezo juu ya kesi hiyo.) FRIVAO, mfuko wa serikali wa kulipa wahanga, una makao yake hapa Kisangani.

Mwenye kuomba anapaswa kueleza marehemu alikufa wapi, siku gani, na mrithi ni nani. Ni maswali yale yale ya matanga, yamechelewa zaidi ya miaka ishirini. Kuna familia zinapasuka hapo: shemeji aliyepotea zamani anarudi na karatasi mkononi, mjane anaulizwa kama aliolewa tena. Watu wanasema ni hasira ya dola. Lakini mara nyingi ndani yake kuna swali lingine: wewe ulikuwa wapi siku tulipomzika? Katika familia zingine, watoto wanasikia kwa mara ya kwanza baba alitoka kutafuta nini asubuhi ile.

Kila mwezi wa sita mji unakumbuka wahanga wake. Nyumbani, wengine wanaombesha misa, wengine wanasoma dua, na wengine wanafagia tu pale nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna mtu anathubutu kujenga.