Mrihani wa Uani

Waandishi wa historia ya pwani yetu hupenda mawe: misikiti ya Kilwa Kisiwani, makaburi ya nguzo, vigae vya vyombo vya China. Bonde la Rufiji halina mawe mengi. Nyumba zetu zilikuwa za miti na udongo, na mafuriko yalizifuta. Ndiyo maana nasema tusome pia mimea ya uani, hasa mrihani.

Mrihani ni wa jamii moja na zaatari, mmea mfupi ambao watu wa Mediterania huuacha utambae kandokando ya vijia ili unukie ukikanyagwa. Hapa Nyamwage kazi ya kunukiza ua ni ya mrihani. Jina lake ni la Kiarabu, nalo limetajwa katika Sura Ar-Rahman. Ndugu yake wa porini, kivumbasi, hufukuza mbu. Mrihani akina mama waliutia katika kikuba pamoja na asumini. Hivyo hata mwanamke wa bondeni ambaye hakupata kuona jahazi alikuwa na sehemu yake ya Bahari ya Hindi, hatua tatu kutoka jikoni.

Mwaka 1968 Rufiji ilifurika vibaya. Kuanzia mwaka 1969 serikali iliwahamishia wakulima wa bondeni kwenye miinuko, katika vijiji vya ujamaa. Walizoea kuishi kila mtu karibu na shamba lake la mpunga. Sasa nyumba ikawa huku na shamba kule. Mwembe hauhamishiki, wala kaburi la mzazi. Lakini mbegu za mrihani, ndogo na nyeusi, zaenea katika fundo la khanga. Akina mama kadhaa waliniambia kuwa walizipanda kabla udongo wa kuta haujakauka. Taarifa za serikali huhesabu kaya. Hazisemi ni siku gani mama alikubali kwamba hapa sasa ni kwake.

Siku hizi nyua nyingi zinasakafiwa kwa saruji, na manukato ni ya chupa. Sina ugomvi na saruji. Lakini waliobeba mbegu zile wanatutoka mmoja mmoja. Basi mwalimu wa historia, kabla hajawapeleka wanafunzi Kilwa, awapeleke kwanza nyuma ya nyumba zao, wamwulize bibi: mbegu hii ulipewa na nani, naye alitoka wapi?