Maabara ya CCNA nyumbani: tulikotoka na ruta za mitumba

Leo naacha mambo ya programu kando niongee kuhusu vyuma. Rafiki yangu ameniuliza anunue ruta gani ili ajifunzie CCNA nyumbani. Badala ya kumpa orodha nimempa historia, maana hayo mambo niliyajua kwa kupoteza pesa.

Cisco ilianzisha cheti cha CCNA mwaka 1998. Enzi hizo ruta za 2500 zilikuwa zimejaa maofisini, na ofisi ziliponunua mpya, zile kuukuu zikaishia sokoni. Ndipo wanafunzi wengi wakajenga maabara kwa mabaki ya ofisi.

Mimi nilinunua 2501 mbili kwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Kufika nyumbani, kumbe tundu la Itheneti ni la AUI. Kebo ya RJ-45 haiingii bila transiva. Tena, kuunganisha ruta mbili kwa siriali kunataka kebo ya DTE na ya DCE, kwa sababu ruta moja lazima iipe nyingine mapigo ya saa. Sikuwa na hata moja. Ruta zikalala chini ya kitanda miezi mitatu. Rahisi ghali!

Mwaka 2005 Mfaransa Christophe Fillot alianza kuandika Dynamips, programu inayoiga ruta ya Cisco 7200 ndani ya tarakilishi ya kawaida. Baadaye GNS3 ikatuwezesha kuitumia kwa kubofya tu. Lakini Dynamips haikuiga swichi za Catalyst, kwani kazi yao kubwa hufanywa na chipu maalum. Kwa hivyo wengi walichanganya: ruta za kuigiza, swichi halisi kama 2950 kwa mazoezi ya VLAN na STP.

Februari 2020 mtihani ukabadilika kuwa 200-301. Una IPv6, mitandao isiyotumia waya na otomatiki. Frame Relay, iliyotufanya tusake kebo za siriali, haimo.

Ushauri wangu basi: soma mada za mtihani kabla ya kutoa hata shilingi. Anza na Packet Tracer, ambayo ni bure ukijisajili na Networking Academy. Pesa zikibaki, nunua swichi moja halisi, uzoee kebo, taa na kurejesha nenosiri lililosahaulika.

Zile 2501 bado ninazo. Rafiki yangu alitaka nimuuzie. Nimekataa, kwa sababu yeye ni rafiki.