Piramidi ya Kukulkán, Chichén Itzá

Wageni wanaoletwa kwa siku moja kutoka Cancún au Mérida husimama hapa kwanza. Muongozaji hupiga makofi mbele ya ngazi, na piramidi humjibu kwa mlio mwembamba unaofanana na wa ndege ketzali.

Hii ni kalenda ya mawe. Kila upande kati ya pande nne una vidato 91. Ukijumlisha na jukwaa la juu unapata 365, idadi ya siku za mwaka. Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana, jua la alasiri huchora pembetatu za mwanga kwenye ukingo wa ngazi ya kaskazini. Hushuka moja baada ya nyingine hadi kwenye kichwa cha nyoka kilichochongwa chini.

Ndani mna piramidi nyingine, ndogo na ya kale zaidi. Katika miaka ya 1930 wanaakiolojia walikuta humo kiti chenye umbo la jagwa: mwili mwekundu, madoa ya jiwe la kijani. Ni kazi ya fundi hodari kweli.

UNESCO iliutambua mji huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1988. Kupanda piramidi ni marufuku. Tafadhali usivuke kamba.