STESHENI YETU NA SISI AKINA MAMA WA MALAMPAKA

Ndugu wanachama, na ninyi nyote mliotuunga mkono, kwa neema ya Mungu kikundi chetu kimetimiza miaka 10. Tumeona kitabu hiki kisiwe cha hesabu za hisa tu. Tuandike na historia ya tulikotoka, maana kikundi hiki kimezaliwa pale kwenye uwanja wa stesheni.

Reli waliijenga Waingereza kutoka Tabora, ikafika Mwanza mwaka 1928. Malampaka tukapata stesheni. Na mahali treni inaposimama watu hawakosi. Walikuja wafanyakazi wa reli, wenye maduka, wapagazi, na wakulima na pamba yao. Mji ukakua kuizunguka stesheni.

Pamba ndiyo iliyoleta fedha Usukumani. Wazee wetu walilalamikia sana mizani ya wanunuzi, ndipo wakaanzisha vyama vyao wenyewe. Mwaka 1955 vikaungana kuwa ushirika mkubwa wa Kanda ya Ziwa, na Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha, na mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa.

Lakini jamani tuseme ukweli. Katika habari zote hizo mama hatajwi. Kupanda tulipanda, kupalilia tulipalilia, kuchuma tulichuma, na kubeba kichwani tukabeba. Jina kwenye kitabu cha chama lilikuwa la baba, na hela akapokea baba.

Hela ya mama ilitoka stesheni. Treni ikipiga honi, mama na beseni lake mbio: karanga, mayai ya kuchemsha, michembe, maji ya kunywa. Abiria ananunua dirishani, na chenji unamrudishia huku treni imeanza kuondoka. Hela ile ndogo ndiyo iliyonunua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto.

Baadaye reli ikapata shida. Mwaka 2007 ilikodishwa kwa mwekezaji, na mwaka 2011 Serikali ikairudisha mikononi mwake. Treni za abiria zilipopungua, mabeseni nayo yakalala. Tukajifunza kuwa anayetegemea dirisha moja, siku likifungwa analala njaa.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la kuweka akiba pamoja. Sanduku letu lina kufuli 3, na funguo wanazo mama 3 tofauti, ili asiwepo wa kufungua peke yake. Kila mkutano hesabu zinasomwa wote tukisikia. Wazee wetu waliumizwa na mizani wasiyoielewa. Sisi mizani yetu iko mezani, kila mtu anaiona.

Sasa inakuja reli nyingine. Mwezi Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, nayo inapita kwetu hapa Malampaka. Tunafurahi sana. Lakini tuangalie ile iliyoanza Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Treni ni ya umeme, njia imezungushiwa uzio, madirisha hayafunguliwi. Hakuna tena kukimbia na beseni. Mama asiye na mtaji ataisikia ikipita tu.

Kwa hiyo akina mama wenzetu, miaka 10 ijayo mikopo yetu iende kwenye kazi zinazosimama: mgahawa msafi, vyumba vya wageni, mashine ya kusaga, duka la nafaka. Atakayeshuka stesheni atataka kula na atataka pa kulala. Tusikope kwa ajili ya sare za harusi! Na kila kitakachopatikana kiandikwe jina la mama aliyekitolea jasho.

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba tumeshakijaza, sasa tutafute debe.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote